Jaribio la Jumanne

Kazi yangu ni kuwatisha watu kwa idhini. Hivyo ndivyo ninavyowajibu wanaoniuliza nafanya nini serikalini, kwa sababu nikisema "Kitengo cha Tahadhari" wanadhani nafungua geti. Simu yako ikipiga ghafla ule mlio unaokata maini, hata kama umezima sauti, hata kama uko kwenye ibada, ujue tumetuma sisi. Na maneno unayoyasoma pale niliyaandika mimi. Au tuseme niliyaandika mwanzoni, kabla wakubwa hawajayatia mikono.

Ofisi yetu ina chumba cha mikutano chenye viti ishirini na chumba cha mitambo chenye viti viwili, changu na cha fundi, mtu mzima wa maneno machache anayekula karanga siku nzima. Mtambo una vitufe viwili. Chekundu ni cha dharura ya kweli, nacho hakifanyi kazi mpaka Mkurugenzi aje mwenyewe kuingiza neno lake la siri. Cha kijani ni cha jaribio. Hicho hakina neno la siri wala hakina mwenyewe, maana hakuna mkubwa aliyewahi kuona faida ya kulitia jina lake kwenye jaribio. Kila Ijumaa asubuhi nakibonyeza, na simu zote za nchi zinapokea maneno yale yale niliyoyaandika mwaka nilioajiriwa: "HILI NI JARIBIO. Ingekuwa dharura, wakazi wa mabondeni mngetakiwa kupanda sehemu za juu mara moja." Nusu saa baadaye mtambo wenyewe, bila kuguswa na mtu, unatuma ujumbe wa pili: "JARIBIO LIMEKWISHA. Rudini kwenye shughuli zenu. Asanteni."

Nchi nzima ina mtu mmoja tu anayelitii jaribio, naye ni bibi yangu.

Bibi, mzaa mama, anakaa bondeni, nyumba ya mwisho kabla ya mto. Ijumaa simu yake ikilia anaacha alichokishika, anafunga kifurushi chake cha shuka, dawa za presha na picha ya babu, anapanda kilima pole pole hadi uwanja wa shule. Huko anakaa kwenye ngazi ya darasa, anasubiri ujumbe wa pili, akishaupata anashuka. Jirani yake kinyozi ana kibanda chake njiani pale, na kila wiki humtolea macho na mkasi mkononi.

"Bibi, wameandika *ingekuwa*! Ingekuwa!"

"Wewe una mjukuu serikalini?" humjibu, bila kusimama.

Nimemweleza mpaka nimechoka. "Mke mwenzangu," huniambia, kwani ameniita hivyo tangu utotoni kwa madai kwamba nilizaliwa nikamnyang'anya mume, "wewe uandike nipande, halafu mimi nikae? Nikuaibishe kazini kwako?" Nampenda bibi yangu kuliko ninavyojipenda, lakini kichwa chake ni kigumu. Kitu kisichokuja na mlio na nembo ya serikali, kwake ni umbea. Mwaka juzi nilimpigia simu kumwambia upepo mkali unakuja, aingize nguo ndani. Akaniuliza mbona serikali haijasema. Nikamwambia serikali ndiyo mimi. Akacheka mpaka akapaliwa.

Basi Jumanne ile, mchana, simu ya mezani ikalia. Alikuwa msimamizi wa bwawa la juu, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetania. Maji yamefika ukingoni, akasema, na wanafungua milango yote sasa hivi, la sivyo ukuta unapasuka. Kwa muda wa saa moja, ikizidi sana, maji yatakuwa bondeni.

"Waambieni watu," akasema, akakata.

Nilichukua kikaratasi, nikaandika: "Maji ya bwawa yanakuja. Wakazi wa bondeni pandeni juu SASA." Nikakimbilia chumba cha mikutano, ambako Mkurugenzi na Afisa Itifaki walikuwa wanapanga nani akae wapi kwenye sherehe za kutimiza miaka mitano ya kitengo chetu. Mkurugenzi ni mwanamume mrefu asiyevua koti hata feni ikifa. Afisa Itifaki ni mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, ambaye hajawahi kukosea cheo cha mtu tangu azaliwe. Alikisoma kikaratasi changu, akakisoma tena.

"Unaanzaje ujumbe wa serikali na maji?"

"Kwa sababu yanakuja, mama."

"Na Mheshimiwa Waziri?"

"Sijui kama anakuja."

Mkurugenzi alinikata jicho, akavuta kikaratasi kwake. Alichomoa kalamu ya wino. Nikiiona ile kalamu najua tumekwisha. "Yanakuja" lilimkera, akasema linaleta taharuki, akaandika "yanatarajiwa kuwasili". "SASA" kwa herufi kubwa aliona ni kuwafokea wananchi, akaweka "kwa wakati muafaka". Afisa Itifaki akaanza kutanguliza majina: Waziri na vyeo vyake vyote, Katibu Mkuu, Mkurugenzi mwenyewe kwa unyenyekevu mkubwa. Kisha wakakwama kwa Naibu Waziri. Yeye mama yake alizaliwa bondeni, asipotajwa atanuna. Akitajwa kabla ya Katibu Mkuu, atanuna Katibu Mkuu.

"Jamani, watu watakufa," nikasema.

"Ndiyo maana tunataka uwe ujumbe mzuri," akasema Mkurugenzi, na naapa alikuwa anamaanisha.

Nikatoka kwenye korido, nikampigia bibi. Aliitika kwa furaha, anapepeta, nasikia ungo.

"Bibi, acha kila kitu, panda shuleni. Maji yanakuja. Bwawa limefunguliwa."

"Leo Jumanne, mke mwenza."

"Najua ni Jumanne! Si jaribio, ni kweli!"

"Kama ni kweli mbona hamjatuma?"

"Wanaandika majina."

"Basi wamalize. Mambo ya serikali hayana haraka. Wakituma, napanda." Ungo ukaendelea.

Nililia pale koridoni, sina cha kuficha. Nilikuwa na hasira na bibi, na Mkurugenzi, na mimi mwenyewe niliyemfanya aamini kwamba ule mlio ndio neno la mwisho duniani. Saa ya ukutani ilikuwa imekula nusu ya muda wetu. Ndipo nilipokumbuka kitufe cha kijani.

Nikaingia mitamboni. Fundi akaacha kutafuna.

"Leo si Ijumaa," akasema.

"Sijui leo ni lini," nikasema, nikabonyeza.

Simu yangu ikapiga mlio mezani, ya fundi mfukoni, na kutoka chumba cha mikutano zikalia zote kwa pamoja. Yaliyofuata kule bondeni nilisimuliwa baadaye na kinyozi. Bibi aliweka ungo chini, akafunga kifurushi, akashika njia. Kinyozi alipomwona anapanda kilima Jumanne, aliona hii sasa ni burudani ya kutosha kurekodiwa. Akafunga kibanda, akamfuata na simu yake, anasimulia kama mtangazaji wa mpira. Wateja wakafuata, mmoja kichwa kimenyolewa upande mmoja. Watoto wakafuata wateja, mama zao wakafuata watoto kuwarudisha. Kufikia uwanja wa shule bibi alikuwa na msafara ambao Naibu Waziri angeuonea wivu. Walikwenda kumcheka, na walimcheka kweli.

Mimi nilikuwa nimeanza kupumua, fundi aliposema, bila kunitazama:

"Ule wa pili utajituma."

Nilikuwa nimeusahau. "JARIBIO LIMEKWISHA. Rudini." Bibi angesimama, angejitwika kifurushi, angeteremka moja kwa moja kwenye maji, kwa utiifu wote.

"Uzuie!"

"Hauzuiliki. Labda ule mwekundu utoke kwanza. Ukitoka wa kweli, wa jaribio unajifuta."

Nilirudi chumba cha mikutano mbio. Afisa Itifaki alikuwa amesimama, povu linamtoka: nani kafanya jaribio Jumanne, kwa kibali cha nani? Nikakiri ni mimi. Mkurugenzi akaanza kueleza nitakavyomwaga unga, kwa utaratibu, hatua kwa hatua. Nilitazama mezani. Kikaratasi changu kilikuwa kimekuwa kurasa mbili. Nikaelewa kwamba nimekuwa nikiwaomba kitu wasichokuwa nacho, basi nikawaomba walichonacho.

"Mkurugenzi," nikasema kwa adabu zote, "muda si mrefu mtambo utatuma ujumbe wa kuwashukuru wananchi. Nchi nzima. Na ndani yake hakuna jina la Mheshimiwa Waziri."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini.

"Hakuna kabisa?" akauliza Afisa Itifaki.

"Hata moja. Unasema 'Asanteni' tu. Watu watauliza nani anashukuru."

Sijawahi kumwona Mkurugenzi akikimbia. Koti lilipepea. Alifika mitamboni, akamtupia fundi zile kurasa mbili, akaketi kwenye kiti changu, akaingiza neno la siri, akakosea, akaingiza tena. Fundi akamaliza kuziandika zile kurasa. Kidole cha Mkurugenzi kikawa juu kabisa ya kitufe chekundu.

"Subiri!" akasema Afisa Itifaki kutoka mlangoni, anahema. "Naibu Waziri ana udaktari!"

Kidole kikarudi nyuma. Fundi akaandika "Daktari". Na alipokuwa akiandika, simu zetu zote zikalia: JARIBIO LIMEKWISHA. Rudini kwenye shughuli zenu. Asanteni.

Nilimsukuma Mkurugenzi wa Kitengo cha Tahadhari, na koti lake, nikabonyeza mwenyewe.

Kule juu, bibi alikuwa amesoma "limekwisha", amejitwika kifurushi, amewageukia watu na kuwaambia haya, twendeni, serikali imeshukuru. Alikuwa amepiga hatua chache kushuka, na wote nyuma yake, simu ilipolia tena. Mtu mwingine angeitazama huku anatembea. Bibi hafanyi hivyo na barua ya serikali. Alitua kifurushi, akakaa kwenye nyasi, akatafuta miwani, akaifuta kwa kanga. Ujumbe ulikuwa mrefu mno kwa simu moja, ukaja vipande vipande, na kila kipande na mlio wake. Akaanza kusoma kwa sauti, tangu juu, bila kuruka kitu.

"Mheshimiwa Waziri wa... subirini... Mbunge, Mlezi wa..."

"Bibi, fupisha!" akasema kinyozi, bado anarekodi.

"Cheo cha mtu hakifupishwi."

Akasoma Katibu Mkuu. Akasoma Naibu Waziri, Daktari. Akasoma Mkurugenzi. Watu walisimama wanacheka, wanamsubiri, kwa sababu njia ni nyembamba naye amekaa katikati. Alipofika "wanayo furaha kuwataarifu", kinyozi aliacha kucheka. Kwenye video yake unaisikia sauti ya maji kabla ya kuona chochote, kisha picha inageuka, na kibanda chake kinaondoka na kioo chake na kiti chake kama vimeitwa mahali. Nyumba ya bibi haikuonekana hata ikiondoka. Kwa nyuma unamsikia bado anasoma, "maji yanatarajiwa kuwasili kwa wakati muafaka," anainua kichwa, anatazama.

Waliobaki chini wengi waliokolewa juu ya mapaa. Muuza mkaa na mke wake hawakuokolewa. Muuza mkaa huyo alinipa sukari guru nikiwa mtoto kila nilipotumwa kwake, na sikumwona mtu yeyote akimtaja kwenye televisheni usiku ule. Aliyetajwa ni Mkurugenzi. Alieleza kwamba wananchi waliokoka kwa sababu ya urefu wa ujumbe. Aliionyesha ile video kama ushahidi, na ukweli ni kwamba hakudanganya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mimi sikufukuzwa. Ingebidi waeleze kwa nini. Nilionywa kwa mdomo, na kitufe cha kijani kikang'olewa. Mahali pake pamezibwa kwa kipande cha bati. Majaribio, waliamua, yanaleta taharuki, na ukiyafanya siku isiyo yake yanaleta mafuriko. Ujumbe wa kweli sasa una majina yaliyokwisha kuandikwa, kurasa tatu, ili tusichelewe tena.

Bibi alijengewa nyumba mpya. Pale pale, kwa sababu kiwanja chake kiko pale. Naibu Waziri alikata utepe.

Ijumaa ya kwanza alinipigia. "Mke mwenza, mbona leo hamjanijaribu? Nimefunga kifurushi toka asubuhi."

"Yamefutwa, bibi. Mvua zikianza, wewe panda tu. Usingoje."

"Nitajuaje?"

Nikakata, nikachukua simu yangu mwenyewe, nikamwandikia kwa vidole vyangu: HILI NI JARIBIO. Panda juu. Nikangoja. Baada ya muda akanipigia, anacheka, sauti ya mtu anayemfundisha mtoto.

"Nimeiona. Lakini haina mlio, na haina nembo. Mimi nasubiri ya serikali."