Mtani wa Profesa

Hosiana Ngassa aliharibu usaili wake kwa adabu. Si kwa ujinga, maana sheria alikuwa nayo kichwani, wala si kwa mtandao, maana siku hiyo hata mtandao wa Shinyanga ulitulia. Ni adabu tu, ile aliyonyweshwa na mama yake tangu anaota meno.

Alikuwa wakili katika ofisi ndogo karibu na stesheni, akiwania nafasi moja iliyobaki ya shahada ya uzamili ya sheria za kimataifa katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Kesi za mashamba na talaka zilikuwa zimemchosha, na alijua asipoondoka mwaka huu atazeekea hapo hapo, akigawa ng'ombe wa wanandoa waliochokana. Andiko lake la utafiti lilihusu mafuta yanayolala chini ya mpaka wa nchi mbili. Alikuwa amekesha nalo, na hoja yake ilikuwa wazi: nchi haiwezi kujichotea yote eti kwa kuwa imewahi.

Profesa Kondo, mzee wa mvi na miwani iliyoteremka puani, alifungua usaili kwa uso mkavu. "Ngassa. Msukuma huyo! Mimi Mzaramo wa Maneromango. Sasa ukija huku kusoma, ng'ombe umewaachia nani?"

Mbele ya kompyuta yake, Hosiana alifanya anachomfanyia kila mzee. Aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti, akasema shikamoo. Kule Dar es Salaam wakaona kiti kitupu na kalenda ya ukutani.

"Wako na kaka yangu, Profesa," ikajibu kalenda.

Aliporudi kitini, mambo yakaharibika kabisa. "Umeandika mengi," alisema profesa, "lakini mimi nasema mafuta ni ya aliyewahi kuchimba. Si ndivyo?"

Sivyo, na Hosiana alijua sivyo. Lakini mzee ameshasema, na kwao mzee akisema mtoto hasemi. "Ndiyo, Profesa."

"Na jirani akibaki na shimo tupu, shauri yake?"

"Ndiyo, Profesa."

Profesa akavua miwani, akamtazama mwenzake, Dokta Asteria, na usaili ukaishia hapo. Kesho yake Dokta Asteria alipiga simu. "Dada Hosiana, nikuulize bila kukuficha. Hili andiko uliandika wewe? Maana aliyeandika na aliyesailiwa hawafanani. Profesa anadhani umeandikiwa. Nimekuombea Ijumaa, mara ya mwisho. Usipolitetea, nafasi anapewa mwingine."

Hosiana alilia. Kushindwa angekuvumilia, lakini kuitwa mwongo kwa kazi ya mikono yake kulimchoma. Akapanda basi kwenda Katoro kwa mama yake, kama afanyavyo mtu mzima yeyote aliyeishiwa maarifa.

Mama Hosiana aliuza supu na chapati pembeni ya soko, mahali ambapo wachimbaji hufungua kinywa kabla ya kwenda maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Hosiana alimkuta amepiga magoti mbele ya mzee mmoja wa Kisukuma, macho chini, akimwamkia "Mwangaluka" kwa sauti ndogo ya binti wa zamani. Mzee akapita zake. Mama akainuka, akapangusa vumbi, na hapo hapo akamgeukia mzee mwingine, fundi cherehani mwenye kofia ya kitambaa na ndevu nyeupe tupu, aliyekuwa akichungulia sufuria.

"We Mzaramo! Toa ndevu kwenye supu yangu! Umekuja kunywa au umekuja kuhesabu minofu ya watu?"

"Minofu iko wapi?" alijibu Mzee Mwinyimvua. "Hii supu nguo zangu zinafuliwa kwa maji mazito kuliko haya. Ndiyo shida ya kumwachia sufuria Msukuma, mla michembe ya viazi vikavu."

"Mwizi mkubwa! Kwenu hata maiti hazikwi bila kupekuliwa mifuko!"

Wateja walicheka mpaka chapati zikawapalia. Hosiana alisimama na mkoba wake, kinywa wazi. Mama huyu, ambaye hajawahi kumtazama mzee usoni, alikuwa akimpungia mwiko mtu wa rika la baba yake.

"Mayu! Si umri wa babu huyu?"

"Huyu ni mtani, mwanangu. Mtani hana ukubwa. Wazaramo na sisi ni hivi tangu enzi za misafara ya mababu. Nikimwambia ukweli wake ananuna? Anakuja tena kesho, na bakuli lake."

"Naye akinipigia magoti," Mzee Mwinyimvua akadakia, "nitaenda kwa daktari, nijue nina ugonjwa gani."

Hosiana akakaa juu ya kreti la soda. Ng'ombe umewaachia nani. Masikini profesa wa watu! Alikuwa amemfungulia mlango na kumvuta mkono aingie, naye akapiga magoti kizingitini na kuanza kutoa taarifa ya mifugo. Alicheka peke yake hadi machozi yakarudi, safari hii ya aina nyingine.

Ijumaa alikaa mbele ya kompyuta, akashika kiti kwa mikono miwili ili magoti yasimsaliti. Profesa Kondo hakutania tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kumaliza jambo.

"Bi Ngassa, swali ni lile lile. Mafuta yako chini ya mpaka. Nasema ni ya aliyewahi. Si ndivyo?"

"Nd..." Ulimi ulikuwa umeshaanza safari yake ya kila siku. Hosiana akaukamata. "Hapana, mtani."

Dokta Asteria aliacha kuandika.

"Sheria hiyo ni ya Wazaramo msibani," Hosiana aliendelea. "Anayewahi sinia ndiye anayekula nyama, wafiwa wabaki wanaramba mchuzi. Mataifa hayaendeshwi hivyo."

Profesa akaweka miwani vizuri. Kona ya mdomo wake ilicheza. "Endelea, mla michembe. Yanaendeshwaje?"

Basi akaendelea. Alitaja mikataba na hukumu, kisha akataja duara la baba yake huko Katoro. Wachimbaji wa duara hili wakikutana chini ya ardhi na wa duara lile, huko wanaita kutobozana. Nyundo zinasimama pande zote mbili. Hakuna anayebeba jiwe. Wanapanda juu, wanaitana, wanapima, wanagawana. "Si kwamba ni watakatifu, mtani. Baba yangu si mtakatifu. Ila kila mmoja anajua kwamba ukichimba kwa hasira, paa linawaangukia wote."

"Maneno matamu. Lakini wachimbaji wana viongozi wa kuwaamulia. Nchi mbili kubwa zikikataa kusimamisha nyundo, nani atazipandisha juu?"

Lilikuwa swali lenyewe hasa, lile ambalo katika andiko alikuwa amelipitia pembeni kwa kunyata. Wiki iliyopita angesema ndiyo, Profesa.

"Hilo sijui," alisema. "Nimelizunguka mwaka mzima na sijalipata. Ndilo linaloniondoa Shinyanga. Kama wewe unalijua, mtani, niambie sasa hivi nibaki na ng'ombe zangu."

Profesa Kondo alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekuwa akikisubiri tangu wiki iliyopita. "Silijui," alisema. "Nimezeeka nalo. Dokta, aliyeandika ndiye huyu?"

"Ndiye huyu, Profesa."

"Basi nafasi ni yake. Njoo tulitafute pamoja. Na darasani ukinikubalia kila kitu, nitakurudisha Katoro kwa miguu." Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya mzee mwenye wajukuu. "Karibu sana, mwanangu. Wazazi wako wamelea."

Kwa hilo hakukuwa na utani wa kujibu. Hosiana akaachia kiti, akateremka taratibu, kwa hiari yake safari hii, mpaka magoti yakagusa sakafu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba," profesa akaiambia kalenda.