Mafuriko Hayapangi Mchele

Mahindi ya shule yalilowa Jumapili. Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu, Bwana Waliaula, alisimama mlangoni mwa maabara akikipima chumba kwa macho, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kitanda.

"Mwalimu Seline," alisema, "hapa hapavuji."

"Hapavuji, Bwana Mkuu. Ndiyo maana kemikali zimo humu."

"Kemikali! Chupa sita na panya mmoja. Watoto hawali chupa, mwalimu."

Seline alishindwa kumkasirikia, maana mzee yule alikuwa anasema kweli. Mvua za masika zilikuwa zimeezua kona ya stoo, na katika Shule ya Upili ya Kamito, pale ukingoni mwa ziwa upande wa Seme, njaa ilikuwa jambo la karibu kuliko kemia. Lakini yeye alikuwa ametoka chuo kikuu Maseno mwaka jana tu, na kemia aliiamini jinsi wengine wanavyoamini maombi. Kwake maabara ile yenye bomba moja linalofanya kazi ilikuwa mahali ambapo mtoto wa mvuvi na mtoto wa tajiri hupewa jibu lile lile wakiuliza swali lile lile.

"Maonyesho ya sayansi ni Ijumaa, Kombewa," alisema. "Miradi miwili ya kwanza inaenda Kisumu. Wanafunzi wangu wakiwa kati ya hao?"

Bwana Waliaula alikuna kidevu. "Basi maabara ni yako, na mimi nitajua pa kupeleka magunia yangu. Wasipopita, Jumamosi mahindi yanaingia humu."

"Watapita."

"Una hakika gani?"

"Nimeuona mradi wao," alisema Seline, na hakuongeza neno.

Mradi wenyewe ulianzia kwenye kifundo cha mguu. Mwanzoni mwa muhula Joram Ouma, kijana mrefu kutoka Ahero aliyecheza winga katika timu ya shule, alitegukia uwanjani. Barafu ya karibu ilikuwa Kombewa, na ingeletwa hadi kiwanjani ingefika ikiwa maji. Wiki hiyo hiyo Seline alikuwa akikifundisha kidato cha nne habari za nishati katika mimenyuko, yaani jinsi vitu vinavyotoa joto au kunyonya joto vinapobadilika. Aliwapa kila kundi bilauri ya maji na vijiko kadhaa vya urea, ile mbolea nyeupe ya shamba la shule.

"Koroga, pima, andika," aliwaambia.

Haukupita muda Joram akanyoosha mkono. "Madam, thamomita yetu ni mgonjwa. Inashuka."

"Hata yetu!" walipiga kelele wa nyuma.

Kundi moja tu liliandika kwamba joto limepanda. Lilikuwa kundi la mwanafunzi aitwaye Wangu, binti wa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, msichana ambaye hesabu haikuwahi kumshinda. Mchoro wake ulipanda vizuri kama ngazi. Seline alitia kidole katika bilauri yake. Maji yalikuwa baridi.

"Wangu, hii imepanda?"

"Imeshuka, Madam. Lakini niliirekebisha."

Darasa lilivunjika mbavu. Wangu hakutikisika. "Mnacheka nini? Kitu kinachotokea chenyewe lazima kitoe joto. Kuni zikishika moto, zinatoa. Chuma kikila kutu, kinatoa, hata kama ni kidogo. Sasa hii mbolea itayeyukaje yenyewe, bila kulazimishwa, na huku inaomba maji joto?"

Seline alisikia moyo wake ukiruka. Kwa swali kama hilo mtu angeweza kufundisha mwaka mzima bila mshahara, na kwa kweli wa mwezi uliopita ulikuwa bado haujaja.

"Thamomita haikukosea," alisema. "Wewe ndiye uliyeisemea uongo. Futa mchoro, chora ulichokiona. Lakini swali lako usilifute. Mimi sitalijibu. Mtanijibu ninyi."

Kutoka hapo Joram na Wangu walitengeneza mfuko wa baridi. Walichukua mfuko wa mpira, ule wa kujikanda kwa maji ya moto, wakatia urea kavu ndani. Mchezaji akiumia unamimina maji, unafunga, unatikisa, unamwekea mguuni. Baadaye yale maji unayamwaga kwenye sinia na kuyaanika juani, kando ya nyavu za omena, wale dagaa wa ziwani, mpaka mbolea irudi kuwa chembe kavu, tayari kwa mguu mwingine.

Ijumaa ukumbi wa shule iliyowapokea pale Kombewa ulijaa meza, mabango na wazazi. Walimu walitengwa nyuma ya kamba. Sheria ilikuwa moja: mwalimu akifungua kinywa mbele ya mwamuzi, kundi lake limetoka. Seline alisimama karibu na dirisha, hatua chache tu kutoka meza ya wanafunzi wake, akiwa ametulia kabisa. Alikuwa ameliona jaribio lile likifanikiwa mara nyingi kiasi kwamba alikuwa amejipumzisha.

Mwamuzi aliitwa Dakta Obiero. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuchezacheza na macho yasiyocheza hata kidogo.

"Haya, vijana. Nasikia hapa kuna baridi ya kununuliwa duka la mbolea."

"Karibu, Dakta," alisema Joram akimpa mfuko kwa mikono miwili. "Shika mwenyewe."

Dakta Obiero alishika. Aliugeuza. Aliuweka shavuni. "Bwana Joram, hii ni baridi ya wapi? Mbona ni kama uji wa jana?"

Wangu alitia kipimajoto. Zebaki ilisimama mahali ilipokuwa imesimama hewani, haikwenda juu wala chini.

"Joram," alinong'ona, "uliweka maji saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla hatujaondoka."

"Asubuhi! Kwa nini?"

"Ili mgeni asingoje." "Kwetu mgeni hakuti chakula kikiwa bado jikoni, Wangu. Unakuwa umeandaa."

Nyuma ya kamba Seline alifumba macho. Alimwelewa vizuri mno. Na yeye amelelewa hivyo: mgeni akibisha hodi, ugali uwe unafuka. Lakini mbolea haijui mambo ya wageni. Iliyeyuka asubuhi ile, ikanyonya joto lake, kisha hewa ya ukumbi ikalirudisha joto hilo polepole. Jambo lililotokea lenyewe lilikuwa limekwisha kutokea, na hakuna kutikisa kungelifanya litokee tena. Aliwazia magunia. Alimwazia panya akiyafurahia.

"Dakta," alisema Wangu, na sauti yake ilikuwa imara, "tunaomba uende meza inayofuata, kisha urudi kwetu."

Dakta Obiero aliwatazama wote wawili. "Nitarudi. Lakini nikirudi nisikute uji."

"Duka la mbolea liko ng'ambo ya soko," Joram alisema. "Na mguu huu wangu..."

"Nani anataka mbolea? Kaa hapo, mwandalia wageni." Wangu alikwisha kutoka mbio.

Kupitia dirishani Seline alimwona akifika getini, karibu kiasi cha kusikika, kwa Mama Benta, aliyekuwa akiuza maandazi na samaki wa kukaanga.

"Mama, nisaidie ndimu. Na magadi yako ya kuumulia maandazi, kidogo tu."

"Ndimu bila samaki? Nyathina, mwanangu, una mimba au una wazimu?"

"Nina mtihani, Mama!"

"Wooi! Chukua, chukua. Lakini ukipita uje unieleze huo ni mtihani wa upishi gani."

Wangu alirudi akihema. Dakta Obiero naye aliporudi alikuta kikombe cha chai kitupu kikimngoja, safari hii kila kitu kikiwa bado hakijachanganywa.

"Mfuko wetu uliisha baridi kabla hujafika, Dakta," alisema Wangu. "Tulikosea. Hiki ni kitu kingine, ila sheria yake ni ile ile. Shika kikombe."

Alikamua ndimu, akaweka kipimajoto. Ishirini na sita. Kisha akamimina magadi. Kikombe kilichemka povu jeupe mpaka ukingoni, watoto wa meza za jirani wakageuka kutazama.

"Inachemka, kwa hiyo ni moto," alisema Dakta Obiero kwa ujanja.

"Wewe ndiye umeshika, Dakta. Ni moto?"

Dakta alikichungulia kipimajoto. Zebaki ilikuwa ikishuka: ishirini na nne, ishirini na mbili, bado inaenda. Akabadilisha mkono, akapangusa kiganja kwenye suruali.

"Sawa. Kinaninyonya joto. Sasa niambieni: hakuna aliyekilazimisha. Kinatokea chenyewe. Tangu lini kitu kikajipeleka chenyewe kwenye hasara?"

Lilikuwa swali la Wangu mwenyewe, limemrudia kwa mdomo wa mtu mwingine. Aligeukia bango lao akatafuta jibu, halikuwamo. Seline aliing'ang'ania kamba kwa mikono miwili. Jibu lilimjaa kooni, na kulimeza kukawa kazi kubwa kuliko zote alizofanya mwaka ule.

"Dani wangu alikuwa na magunia mawili ya mchele," alisema Joram.

"Nani?"

"Nyanya yangu, Dakta. Ahero. Moja pishori, ule wa kunukia, moja mchele wa kawaida. Mafuriko yakaingia ndani, magunia yakapasuka, mchele ukachanganyika chumba kizima. Tulipoanika na kukausha, wamama wa boma lote walikaa kuchambua, huyu wa huku, huyu wa kule. Walichambua mpaka migongo ikafa. Dani akasema kitu. Akasema, mafuriko yamekuja hapa miaka yote, lakini siku hata moja hayajawahi kunipangia mchele."

Watu walicheka. Dakta Obiero hakucheka. "Endelea."

"Mchele kukaa umepangika, kuna njia chache tu. Kuvurugika kuna njia zisizohesabika. Kwa hiyo ukiachiwa, unavurugika. Si kwamba unapenda. Ni kwamba njia ni nyingi upande huo. Sasa kwenye kikombe, ile hewa ilikuwa imefungiwa ndani ya magadi, imepangwa. Ndimu imeifungulia, imetawanyika ukumbi mzima. Huko kutawanyika ni kukubwa kuliko hasara ya joto. Na mbolea vilevile. Ikiwa kavu imejipanga, ikiingia majini inasambaa. Ndiyo maana inakubali kulipa."

"Vizuri. Basi nitawabana." Dakta alimgeukia Wangu. "Mafuta ya kupikia, asubuhi yenye baridi, huganda yenyewe kwenye mkebe. Yametoka kwenye vurugu, yamejipanga. Nyanya yake atasemaje hapo?"

Safari hii Wangu hakukwama. Seline aliona uso wake ukifunguka, ule uso aliouona siku ya mchoro uliofutwa.

"Yakiganda yanatoa joto, Dakta. Joto hilo linaingia hewani na kuivuruga hewa. Mafuta yanajipanga, hewa inavurugika zaidi. Usihesabu mkebe peke yake, hesabu na nyumba."

"Mbona mchana hayafanyi hivyo?"

Wangu alimtazama Joram, akatabasamu. "Ukimwaga kikombe cha maji sebuleni kwa mtu, hiyo ni vurugu. Ukikimwaga Ahero wakati wa mafuriko, nani ataona? Hewa ikiwa baridi imetulia, joto kidogo linaivuruga sana. Ikiwa moto tayari imevurugika, joto lile lile haliibadilishi sana. Halitoshi tena kulipia kupangika kwa mafuta."

Dakta Obiero alikiweka kikombe mezani taratibu. "Na huu mfuko wenu wa uji? Tuutupe?"

"Hapana," alisema Joram upesi. Aliinua kadi iliyobandikwa chembe nyeupe. "Hizi zilikuwa majini, tulizirudisha kwa jua. Kwenda kulitokea kwenyewe. Kurudi lazima mtu alipe, na jua la ziwani halidai."

Matokeo yalisomwa wazazi wakiwa wameanza kukunja miavuli. Kamito ilikuwa ya pili. Joram alisahau kifundo chake akaruka, kisha akakikumbuka. Wangu alikimbia getini kumweleza Mama Benta. Seline alitaka kupiga makofi lakini bado alikuwa ameshika kamba, na ilimbidi akumbuke kwanza kuiachia.

Walifika shuleni jua likiwa bado juu. Mlango wa maabara ulikuwa wazi. Ndani, kuanzia bombani hadi ubaoni, magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa kufika madirishani. Bwana Waliaula alitoka nyuma ya magunia akijipangusa vumbi, akaziona nyuso zao, akaelewa.

"Mmepita."

"Tumepita, Bwana Mkuu."

"Mimi..." Alikohoa. "Niliona nitangulie tu. Niandae mapema."

Joram alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Hata wewe, Mwalimu Mkuu! Hata wewe!"

Bwana Waliaula hakujua kilichochekesha, lakini neno lake alikuwa amelitoa na hakulirudisha. Alitazama magunia, akatazama ofisi yake iliyokuwa ng'ambo ya uwanja, ile yenye bati jipya.

"Ofisi yangu nayo haivuji," alisema hatimaye, kwa uchungu wa mtu anayetoa jino. "Nitafanyia kazi chini ya mti mpaka stoo iezekwe."

Alivua koti. Seline alijifunga leso kiunoni, akashika ncha ya gunia la kwanza. Wangu akashika ncha ya pili. Lilikuwa zito kweli kweli, na halikusogea mpaka walipolivuta wote wawili kwa pamoja.