Mwonjaji wa Mabwawa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya saa moja, mwonjaji alichuchumaa kwenye mabwawa tisa ya mwani, akachovya kidole na kulamba. Kipimo cha chumvi kiliharibika miaka sita nyuma, na kampuni ikaona ulimi wake unatosha. Akisema tayari, mwani ulivunwa, ukakaushwa, ukakamuliwa mafuta ya magari.

Tatizo lilikuwa kukausha. Mhasibu alipiga hesabu mpaka akachoka: tanuri lilikula mafuta mengi kuliko yaliyopatikana.

Mwezi wa tatu mwonjaji akaanza kuwa kijani, kwanza fizi, halafu mikono. Mkewe alidhani ni uchovu. Hamu ya chakula ikamtoka; akikaa juani alishiba. Jasho lake likawa zito, na fundi alipolitia kwenye jenereta, ikawaka mara moja.

Meneja akamletea kiti na kumweka uani, penye jua. Hatimaye kulikuwa na mafuta yasiyohitaji tanuri. Mhasibu akakumbusha kwamba asiyekula hahitaji posho ya chakula. Wiki iliyofuata jina la mwonjaji likahamishiwa orodha ya mitambo, kati ya pampu na tangi, na mshahara ukakoma.

Mwisho wa mwezi mkewe akaja ofisini.

"Mume wangu ana miaka kumi na miwili hapa," alisema. "Na mama yake anasubiri dawa."

"Nakuelewa, shemeji," mhasibu akamjibu. "Lakini bwawa halilipwi mshahara."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi mke. Akaomba basi aondoke naye. Akaelezwa kwamba mtambo hautoki getini bila kibali, na anayetoa kibali yuko safarini. Ila nafasi ya kuonja ilikuwa wazi, maana mumewe sasa kila alichokionja kilikuwa na ladha ya mwili wake mwenyewe. Mke akafikiria dawa, akatia sahihi.

Siku hizi anaonja mabwawa tisa, kisha anapita uani. Mume humuuliza mama ameamkaje, naye humwambia anaendelea vizuri, hata siku ambazo si kweli. Humfuta uso kwa kitambaa, taratibu, shingo na nyuma ya masikio. Akimaliza, mlinzi hukipokea kitambaa, hukikamua kwenye pipa, na kumrudishia kikiwa kikavu.