Kidole Kisichopakwa Rangi

Afisa afya aliichukua tupa ya kucha kutoka mezani, akaipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua noti asiyoiamini. Unga mweupe wa kucha za watu ulikuwa umejaa kwenye mikwaruzo yake.

"Hii umeitumia kwa wateja wangapi?"

"Tangu lini, dada?"

"Tangu asubuhi."

Talha, mwenye banda, alianza kuhesabu kimoyomoyo, akaona hesabu yenyewe inamsuta, akajikinga kwa tabasamu. "Tupa nzuri haichoki, afisa."

Wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu yao wakacheka. Afisa hakucheka, wala hakukunja uso. Aliitwa Kokuberwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, ya wale ambao hawana haja ya kufoka ili wasikike. Akatoka nje ya banda, akainua macho kwenye maandishi mekundu yaliyokolezwa ukutani: DOKTA WA KUCHA.

"Haya, Dokta," akasema. "Cheti kiko wapi?"

Swali hilo lilimwingia Talha kama mchanga kwenye kiatu. Halikumwangusha, lakini kila hatua alilihisi. Miaka kumi na sita alikuwa akiishi kwa kucha za watu. Alianza kwa miguu, kikapu cha rangi mkononi, akigonganisha chupa mbili kuita wateja uchochoro kwa uchochoro, kutoka Mbagala Kizuiani hadi Rangi Tatu, na wanaume wenzake wakimzomea: mwanaume mzima, kazi yako kushika miguu ya wake za watu! Aliwavumilia hadi wakachoka. Sasa wake zao hao hao ndio waliokuja kwenye banda lake na kupanga foleni mkesha wa Idi, na mabibi harusi walimfuata kutoka mitaa ya mbali. Cheti chake, kwa maoni yake, kilikuwa kinatembea barabarani kwenye vidole vya watu.

Lakini agizo lilikuwa agizo. Kila mtengeneza kucha wa kata ile alipewa miezi mitatu awe na cheti cha ujuzi, la sivyo afunge. Kwa wale waliojifunza mtaani, Kokuberwa alieleza, kulikuwa na mafunzo ya siku tano katika kituo kimoja huko Chanika, na mtihani siku ya tano.

Jioni alimpelekea mkewe malalamiko yote. Zuena alimsikiliza huku akimenya vitunguu, kisha akaangua kicheko hadi akashindwa kushika kisu.

"Kwa hiyo samaki kaitwa shule ya kuogelea!"

"Mama Raudha, mie siongei mzaha."

"Hata mie." Akajifuta macho kwa kiganja, haikujulikana ni kitunguu au ni kicheko. "Nenda, Baba Raudha. Kama unajua, watakuona unajua. Kama hujui, utajua. Hapo hasara iko wapi?"

Talha alitafuta hasara ilipo, hakuiona. Akaenda.

Kituo kilikuwa nyumba ndefu ya bati katikati ya mashamba ya mihogo, na nyuma yake jiko la kuni lililotoa moshi tangu alfajiri. Wanafunzi walikuwa ishirini na wawili, wanaume watatu tu, na Talha ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Mwalimu aliitwa Gibson, mtu mkavu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, naye alifundisha bila kupamba neno. Vyombo vya chuma huoshwa kwa sabuni, hulowekwa kwenye dawa, hukaushwa. Tupa ya karatasi ni ya mtu mmoja. Maji ya beseni ni ya mtu mmoja. Na kabla hujamgusa mteja, muulize hali yake.

Siku ya pili Talha alishindwa kujizuia. "Mwalimu, beseni langu moja limeshahudumia hata watu wanne kwa maji yale yale. Hakuna aliyekufa."

"Una uhakika gani?" Gibson akauliza kwa upole. "Waliokufa hawarudi kulalamika."

Darasa zima lilicheka, na Talha alicheka zaidi ya wote, maana aliyepigwa kwa haki hana budi kusifu ngumi. Hata hivyo mchana ule chakula hakikumpita vizuri.

Kilichomfariji ni kwamba mikono yake haikuwa na mpinzani. Gladness, binti wa Pugu aliyekaa naye benchi moja, alimwomba amfundishe kuchora petali kwa mkokoto mmoja tu wa brashi. Talha akamfundisha, na wengine wakasogea, na kila mapumziko meza yake ikawa kama kijiwe cha kahawa, vicheko juu ya vicheko. Gladness naye akamlipa kwa kumkaririsha majina ya maradhi ya kucha, moja baada ya jingine, hadi yakamkaa ulimini.

Siku ya mtihani kila mmoja alitakiwa kuja na mtu wa kumtengeneza. Shemeji yake Talha, aliyeahidi kufika, alipiga simu dakika za mwisho: mtoto ana homa. Talha akabaki na kiti kitupu mbele yake huku saa ikikaribia. Mara kutoka jikoni akatokea mpishi wa kituo, Mama Rosalia, akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mimi je, sifai? Maharage yameshaiva."

Akaketi bila kungoja jibu. Alikuwa na furaha kama ya mtoto anayepelekwa kupigwa picha. Katika miaka yake hamsini na kitu, alisema, hajawahi kupakwa rangi hata ukucha mmoja. Na Jumamosi kijana wake wa mwisho anafunga ndoa kanisani.

"Unataka rangi gani, Mama?"

"Nyekundu. Niinue mkono tu, padri aione kutoka madhabahuni."

Talha akacheka, akanawa, akavaa glavu, akainama kumvua kandambili. Ndipo alipokiona kidole gumba cha mguu wa kulia. Ukucha ulikuwa umenenepa na kuinuka, rangi yake kama ya karatasi iliyomwagikiwa chai, na ngozi ya pembeni ilikuwa imevimba, imekuwa nyekundu, na kwenye kona inatoa majimaji.

"Hicho usikijali," Mama Rosalia akasema haraka, akijaribu kukificha kwa mguu wa pili. "Kina miezi kadhaa hivyo. Wewe kifunike tu kwa rangi, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Naam, ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kote Mbagala hakukuwa na fundi wa kuficha ukucha mbovu kumshinda Talha. Tabaka mbili za rangi nzito, ya tatu ya kung'arisha, na mtu anatoka kifua mbele. Aliona ni stara; na nani atamlaumu mtu kwa kumsitiri mwenzake?

Lakini pale chini, mguu wa yule mama kiganjani mwake, alimkumbuka Bi Salma. Bi Salma alikuwa mteja wake wa miaka. Kidole chake kimoja kilikuwa cheusi, na kila mwezi Talha alikifunika kwa zambarau. Kisha akapotea. Aliporudi, baada ya miezi mingi, alikuja na fimbo, akavua kiatu, akasema kwa kicheko chake cha siku zote, "Fundi, kazi imekupungukia. Vilivyobaki ni tisa." Sukari, alieleza, ilimla bila kupiga hodi. Talha alicheka naye siku ile, kwa kuwa mwenyewe alicheka. Ila kicheko kile hakikumtoka. Kilimfuata miaka miwili yote, naye hakuwahi kujiuliza kwa nini. Sasa alijua. Mtu wa kwanza kukiona kidole kile hakuwa daktari. Alikuwa yeye.

Pembeni yake, ishirini na mmoja wenzake walikwisha kuanza. Karatasi ya mtihani ilisema wazi: kucha kumi za mikono, kumi za miguu. Asiyemaliza amejimaliza.

"Mama," akasema taratibu, "hiki sikipaki."

Uso wa Mama Rosalia ukashuka. "Unanionea kinyaa?"

"Ningekuwa na kinyaa, nisingeshika miguu ya watu miaka kumi na sita. Umewahi kupima sukari?"

"Nipime sukari, na mie naumwa kidole?"

"Ndiyo sababu nakuuliza. Nikikipaka, nitakuwa nimekufungia mlango mwenye kukutibu asikione. Leo leo nenda zahanati, Mama. Usingoje Jumamosi ipite."

Mama Rosalia akakitazama tena kile kidole. "Na harusi?"

"Miguu tuiache; harusini utavaa viatu vya kufunika. Lakini mikono... mikono niachie mie."

Akakifunga kile kidole kwa kitambaa safi cha vidonda, akatupa glavu, akanawa upya, akavaa nyingine. Kisha akaichukua ile mikono, iliyobabuka kwa sufuria na kukwaruzwa na kuni, akaishughulikia kama vile hakuna saa ukutani. Alimuuliza kwao ni wapi, akaambiwa Mbinga. Kwao kulichanua nini? Kahawa, Mama Rosalia akasema, na macho yake yakaenda mbali. Kahawa ikichanua, mlima mzima huwa mweupe. Basi Talha akapaka nyekundu iliyoiva, na kwenye kila kidole cha pete akachora ua dogo la kahawa, petali tano nyeupe, brashi ikigusa na kuinuka kama ndege anayedonoa.

Muda ukaisha. Mwalimu Gibson akapita meza kwa meza, akavaa miwani, akavua, akaandika. Alipofika kwa Talha, akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Miguu iko wapi?"

"Iko kwenye kandambili, Mwalimu."

Watu wakacheka. Talha hakuwa amekusudia kuchekesha. Akaeleza alichokiona, akaeleza alichomwambia mteja, na majina ya maradhi aliyokaririshwa na Gladness yakamtoka moja baada ya jingine bila kugoma. Gibson akapiga magoti, akafungua kitambaa, akatazama, akakifunga tena kwa uangalifu. Akarudi kwenye karatasi yake. Ilikuwa na visanduku vya kila kitu kilichofanywa. Cha kazi iliyokataliwa hakikuwepo. Akaigeuza nyuma, akaandika kwa muda mrefu, akaenda meza nyingine.

Nimeanguka, Talha akajiambia. Ajabu ni kwamba hakuumia. Alijihisi mwepesi, na njaa aliyokuwa nayo hakuwa ameisikia tangu siku ya pili. Huko jikoni, Mama Rosalia alikuwa amesimama mbali na masufuria, mikono juu kama askari aliyesalimu amri.

"Leo jipakulieni wenyewe!" akatangaza. "Mikono hii haigusi ugali mpaka Jumamosi!"

Wakajipakulia, wakamwagia mchuzi mezani, wakacheka hadi wakapaliwa. Talha alikula sahani mbili. Baadaye Gladness alimsindikiza Mama Rosalia zahanati ya pale barabarani, na walirudi alasiri, majina yakiwa yameanza kusomwa.

"Sukari ipo," Mama Rosalia akamnong'oneza Talha, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mgeni. "Wanasema ameingia siku nyingi, ila nimewahi. Wamenipa dawa, na kesho narudi kusafishwa." Akakunjua vidole, akavitazama. "Nesi kanishika mkono, kauliza nani kanichora maua haya. Nikamwambia, huyo huyo aliyenituma kwako."

Jina la Talha lilikuwa la mwisho.

"Amefuzu," Gibson akasoma, akakunja karatasi.

Vigelegele vya Gladness viliruka hadi mashambani, na kuku wa kituo wakatawanyika. Talha alipiga simu Mbagala, lakini kabla hajasema neno Zuena alikwisha kusikia kelele, naye akaanza za kwake upande wa pili, na kwa dakika nzima hakuna aliyemwambia mwenzake kitu cha maana.

Watu walipoondoka, Talha alibaki kukusanya vyombo vyake. Mwalimu Gibson aliingia, akasimama, akavuta kiti cha wateja, akaketi. Akaweka mikono miwili mezani. Kucha zake zilikuwa zimetafunwa hadi kwenye nyama.

"Miaka tisa nawapima watu kazi hii," akasema, kama anayeomba radhi. "Sijawahi kukaa upande huu."

Talha akavuta beseni lenye maji mapya. Akanawa, akakausha, akaketi mbele yake.

"Una kisukari, Mwalimu?"

"Sina."

"Mzio wa dawa yoyote?"

"Sina."

"Kuna kinachokuuma?"

Gibson alifungua mdomo ajibu upesi, kama watu wanavyojibu salamu, kisha akazitazama kucha zake. "Kipo," akasema. Nyuma ya nyumba Mama Rosalia alikuwa ameanza kuimba wimbo wa kanisani, akipotea maneno na kuyabuni upya. Talha akasogeza kiti chake karibu kidogo, akaishika mikono ya Mwalimu, akangoja asikie.