Mama Mwenye Kitambaa Cheusi

Mwanangu Nikolausi alifariki kabla hajaacha kunyonya. Kwa wazee wetu Wairaqw, mama wa namna hiyo anatengwa: hapewi mkono, haingii nyumba ya mtu, hapiti karibu na ng'ombe wa wengine, mpaka mwanamke mtu mzima wa ukoo wa mume amtoe. Padri alikwisha kuhubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Watu walimsikiliza vizuri, kisha wakaendelea kunisalimia kutoka ng'ambo ya njia. Mume wangu Yonas alisema tusubiri, mama yake ataijua siku. Mama yake, Bibi Marieta, hakuitaja. Tulivuna maharage, mvua nyingine ikaja, nami bado nilikaa benchi la mwisho kanisani, peke yangu, kitambaa cheusi kichwani.

Kwaresima ile mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya, hata watu wengi waliendelea kusema tuko Arusha. Sista Remedios wa parokiani alileta kwenye kigango chetu sanamu ya Mama wa Mateso, mama yake Yesu, kutoka kwao Ufilipino. Alitueleza kwamba Wahispania waliwatawala muda mrefu, wakawaletea watakatifu wa mbao, na mafundi wa kwao wakajifunza kuchonga mpaka wakawapita walimu. Huyu mama alikuwa na chozi la kioo shavuni na upanga mdogo wa fedha kifuani, lile neno la mzee Simeoni hekaluni, kwamba upanga utamchoma moyo. Alijitanda kitambaa cheusi, kwa sababu mwanawe amekufa.

Sista akasema anahitaji akina mama wa kumshonea gauni na kumvika. Kwao, alisema, wanawake hugombania kazi hiyo. Kwetu hakuna aliyejitokeza. Mwishowe jirani yangu Zita akauliza, "Sista, ameshatolewa huyu?"

"Kutolewa wapi?"

"Kwenye kilio. Kama hajatolewa, sisi tuna watoto wadogo na tuna ndama."

Katekista Tluway alisimama akafafanua kwamba ule ni mti tu, hauna madhara. Lakini alipoubeba kuuingiza chumba cha sakristia aliufunga kwanza blanketi, vidole vyake visiuguse.

Mimi sikuwa na cha kuogopa. Nilichokuwa nacho na alichokuwa nacho mama yule wa mbao ni kimoja. Nikasema nitamvika, na hakuna aliyenipinga.

Nilipomvua lile gauni la safari nilishtuka. Hakuwa na mwili. Chini ya nguo kulikuwa na fito zilizounganishwa kama kichanja cha kuanikia vyombo. Nilidhani ameharibika njiani, nikamwita Sista. Akacheka kwa upole. Alisema ndivyo wanavyotengeneza: fundi huchonga uso na mikono tu, kwa sababu huzuni hukaa hapo, na kwingine kote hufunikwa na nguo. Nikaitazama ile mikono. Ilikuwa imefunguka kidogo, kama ya mtu aliyenyang'anywa kitu sasa hivi. Niliishika ili kupitisha mikono ya gauni, nikaishika tena baada ya kumaliza. Ukiacha ya mume wangu, hiyo ndiyo mikono ya kwanza niliyoshika tangu mazishi.

Sista alitufundisha desturi ya kwao ya Pasaka. Alfajiri wanaume wanatoka upande mmoja na sanamu ya Yesu Mfufuka, wanawake wanatoka upande mwingine na Mama. Wakikutana, msichana aliyevaa kimalaika anamwondolea Mama kitambaa cheusi. Akina mama walikubali kumbeba, mradi miti ya machela iwe mirefu.

Asubuhi ya Pasaka ukungu wa mlima Hanang ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Tulikutana na wanaume mbele ya kanisa, machela zikawekwa chini. Nyimbo zikakoma. Yule malaika mdogo alikuwa binti wa Zita, na Zita alikuwa amemshika mkono kwa nguvu.

"Wangu hamgusi," alisema. "Mnisamehe."

Sista alitazama huku na huku. Mimi nilitazama chini. Niliona wazi kwamba kama yule wa mbao atarudishwa sakristia na kitambaa chake, basi na mimi nitarudi benchini na changu.

Bibi Marieta akatoka katikati ya watu, fimbo mkononi.

"Kazi hii mnampa mtoto?" alisema. "Kilio kinaondolewa na mama mkwe."

"Bibi, huyu hana mama mkwe hapa," Tluway akasema.

"Ndiyo maana nimekuja. Mwanawe si huyo hapo, ameamka? Sasa huyu analilia nini?"

Akamvua kitambaa, akakikunja, akakipitisha kwapani. Kisha akageuka, akanijia.

"Na wewe, mama Nikolausi. Umemtunza mwenzako vizuri. Yatosha."

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amelitamka jina la mwanangu mbele yangu. Aliponivua kitambaa changu nilihisi baridi masikioni. Bibi akanipa mkono, nikamwamkia shikamoo, na hakuuachia mkono wangu mpaka kengele ilipolia.

Tulipokuwa tunaingia kanisani Zita alinifikia kwa nyuma. Khanga yake ilikuwa inamteleza, na mtoto wake mdogo mgongoni alikuwa anasumbua.

"Nishikie huyu," alisema, "nijifunge vizuri."

Akaniwekea mtoto mikononi, akachukua muda mrefu kujifunga.