Tathmini ya Wachezaji Wanne wa Bure

Mchezaji huru ni mtu aliyemaliza mkataba na klabu yake, na klabu ikamsindikiza hadi getini bila kumwomba arudi. Anayemchukua hamlipi mtu yeyote ada ya uhamisho. Mwenyekiti wetu, ambaye ana kiwanda cha magodoro na mapenzi makubwa na neno "bure", alipoelezwa jambo hili alishindwa kulala juu ya bidhaa zake mwenyewe. Dirisha la usajili lilipofungwa tulikuwa na wachezaji huru wanne, na mwenyekiti akawapanga mstari mbele ya waandishi wa habari, kila mmoja ameshika mto wenye nembo ya kiwanda.

"Wanne wazima," alisema. "Na hatujatoa hata senti."

Mimi ni mchambuzi wa video wa klabu hiyo. Cheo kinasikika vizuri. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya jezi, na bado ina misumari ya kutundikia ukutani, harufu ya dawa ya kuchua misuli, na mpira mmoja uliopasuka ambao hakuna anayekubali kuutupa. Kazi yangu ni kutazama kila mechi mara mbili, kukata vipande vinavyomhusu kila mchezaji, na kumpelekea kocha Jumatatu asubuhi. Kocha huvitazama ndipo apange timu. Kuhusu usajili hakuna aliyeniuliza chochote, na kocha naye hakuulizwa. Kamati ya usajili ni watu watatu: mwenyekiti, shemeji yake, na simu ya shemeji yake.

Kwa hiyo habari za mchezaji wa nne nilizipata kama raia mwingine yeyote, kwenye bango. Nilikuwa kwenye foleni ya mkate, nikainua macho, nikamwona kaka yangu ukutani, urefu wa ghorofa moja, amekumbatia mto.

Kaka ni winga wa kushoto. Alipokuwa na miaka kumi na tisa watu walimbatiza jina la Umeme, maana mabeki walimwona amekwishapita ndipo wakasikia kishindo. Akiwa na ishirini na moja akaenda kucheza nje. Miaka kumi na mbili, klabu tano, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Nilipompigia simu kumuuliza kwa nini hakuniambia anarudi, alisema alitaka kunishtukiza. Mama, ambaye alikuwa anajua mwezi mzima, alisema mcheza kwao hutunzwa. Mama ana methali kwa kila kitu, hata kwa bomba lililoziba.

Baada ya mechi kumi timu ilikuwa ya tatu kutoka mkiani, na mwenyekiti akaniita.

"Wanachama wanauliza maswali," alisema. "Mkutano mkuu ni Jumamosi ijayo. Niandikie tathmini ya wale wanne. Ya kitaalamu. Yenye takwimu."

"Takwimu zenyewe si nzuri, mwenyekiti."

"Ndiyo maana nimemwita mtaalamu."

Nilianza na waliokuwa rahisi. Kipa anaitwa Kufuli, na alikuwa amefungwa mabao kumi na tisa. Niliandika kwamba kufuli lenyewe ni zima, ila kila mtu ana funguo. Kwa haki ya Mungu niliongeza kwamba ndiye pekee anayefika mazoezini kabla ya mlinzi wa geti. Beki wa kati ni pande la mtu, wanamwita Kontena. Mpira wa kichwa anaupiga kuliko yeyote kwenye ligi, mradi mpira wenyewe umfuate alipo. Kumgeuza ni kama kugeuza lori uchochoroni, lazima mtu ashuke aelekeze. Mshambuliaji ni Profesa. Yeye haukimbilii mpira, huonyesha kwa kidole pale ulipopaswa kwenda. Katika mechi moja nilihesabu vidole arobaini na saba na shuti moja, nalo lilimpata mpiga picha.

Nilizipeleka kurasa hizo tatu kwa katibu. Katibu ni mwalimu mkuu mstaafu, na kalamu nyekundu hakuistaafu.

"Maneno makali haya, binti yangu," alisema.

"Ni takwimu, mwalimu."

"Hata takwimu zina adabu zake. Tulainishe kidogo."

Akalainisha mbele yangu, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Mahali nilipoandika Kontena hawezi kugeuka, akaandika "ana msimamo". Profesa asiyekimbia akawa "huchagua wakati wake". Mabao kumi na tisa ya Kufuli yakawa "amekuwa na shughuli nyingi langoni". Nilimwambia angefaa kuandika salamu za rambirambi. Akasema anaziandika pia, nikihitaji nimwambie.

"Na ukurasa wa nne?" aliuliza.

"Naumalizia."

Ukurasa wa nne ulikuwa na jina la kaka na mahali anapocheza. Hapakuwa na neno jingine.

Si kwamba sikuwa na la kuandika. Tangu mechi ya tatu nilikuwa nimeona. Kaka alikuwa anapokea mpira pembeni, anamtazama beki, halafu anarudi nao ndani. Kwenda hadi mstari wa mwisho na kupiga krosi, kazi iliyompa jina, alikuwa anaifanya mara moja au mbili kwa mechi, na kila alipoifanya mkono wake wa kushoto ulishuka nyongani, akajifanya anavuta bukta. Baada ya dakika ya ishirini alikuwa anakimbia kama mtu aliyebeba sahani za watu.

Na kila Jumatatu, nilipoandaa vipande vya kocha, vile vya kaka nilivikata sekunde mbili kabla ya mkono kushuka. Kocha aliona krosi nzuri mbili, akampanga tena. Mimi huyu niliyeicheka kamati, mwenye ulimi wa kuchekea makipa na mabeki, kitendo hicho nilikipa jina zuri kuliko lolote ambalo katibu angelitunga. Nilikiita kuhariri.

Jumapili tulikula kwa Mama. Alisubiri hadi nimejaza mdomo.

"Hiyo karatasi ya mwenyekiti," alisema, "kaka yako umemwandikaje?"

"Bado."

"Mwandike vizuri. Damu ni nzito."

"Mama, ile ni kazi."

"Na huyu ni nani, jirani?"

Kaka alikuwa anakula akitazama sahani yake. Alipomaliza alinawa, akafuta mikono, akaniambia, "Kompyuta unayo? Nionyeshe."

Tulikaa kwenye kochi la sebuleni, kompyuta juu ya stuli. Mama akaenda jikoni kuosha vyombo, na kwa jinsi maji yalivyotulia nikajua anaosha kwa masikio. Ningeweza kumwonyesha vile vipande vya Jumatatu. Badala yake nilifungua mechi ya tisa, nzima, nikaisogeza hadi kipindi cha pili.

Alitazama akiwa ameinamia skrini. Alipojiona anarudi na mpira ndani mara ya nne, akaniomba nisimamishe.

"Huyu mtu anajificha," alisema.

"Nyonga?"

"Nyonga."

Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi ya mwingine. Mwaka uliopita daktari wa klabu yake ya mwisho alimwonyesha picha: gegedu, ule mfupa laini wa nyonga ya kushoto, ulikuwa umelika. Akamwambia afanyiwe upasuaji aache mpira, au aendelee, halafu akifika arobaini atafute fimbo nzuri. Klabu ikamaliza mkataba. Shemeji wa mwenyekiti akapiga simu wiki hiyo hiyo.

"Na vipimo vya hapa?" niliuliza.

"Waliniambia nichuchumae mara tano mbele ya mpiga picha."

"Ukachuchumaa?"

"Mara nne. Ya tano walikuwa wameshapata picha."

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama.

"Kocha amekwisha kuziona hizi?"

"Hapana," nilisema. "Nilizikata. Kila sehemu uliyoshika nyonga, niliikata."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni kaka yangu."

Nilidhani atanishukuru, au walau atanyamaza. Alifunga kompyuta polepole.

"Kila wiki nilikuwa najiambia, leo kocha ataona," alisema. "Ataniweka benchi, ataniuliza nina nini, nami nitasema. Mwenyewe mdomo ulikuwa haufunguki. Nikasubiri mtu anione. Kumbe aliyeniona alikuwa ananifunika, mdogo wangu."

Maji jikoni yalikuwa yamekatika kabisa. Mama alisimama mlangoni, mikono inachuruzika.

"Nyonga gani?" aliuliza.

Kaka akamweleza upya. Mama alikaa kwenye mkono wa kochi, akamsikiliza hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakuwa na methali. Alimshika tu goti, kana kwamba maumivu yangeweza kuteremka hadi pale akayakamata.

Ukurasa wa nne niliuandika mchana ule ule, kaka akiwa pembeni ananisahihisha dakika na mechi. Mwishoni niliongeza sentensi mbili kuhusu video, nani alizikata na kwa nini. Jumatatu nilimpelekea katibu. Kalamu nyekundu ilielea juu ya karatasi muda mrefu bila kutua.

"Hii siwezi kuilainisha," alisema. "Na kuisoma mbele ya watu pia siwezi."

Basi Jumamosi, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa kujitolea, katibu alisoma kurasa tatu. Wanachama walipiga makofi kwa msimamo wa Kontena. Wengine waliinua shingo kumtafuta Kufuli, wampongeze kwa wingi wa shughuli.

"Na Umeme?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

Mwenyekiti alichukua kipaza sauti mwenyewe. "Umeme ni Umeme," alisema. "Siku hizi kuna mgao kidogo, lakini utarudi."

Ukumbi ukacheka. Lazima nikiri utani ulikuwa mzuri, pengine ndio usajili wake bora wa msimu. Kaka aliinuka kwenye safu ya wachezaji, akangoja kicheko kiishe.

"Hautarudi, mwenyekiti," alisema. "Nyonga yangu imekwisha. Nyinyi mlinipa jezi bila kunipima, na mimi nilijua, nikaivaa. Tulidanganyana vizuri. Sasa naivua, kabla sijashindwa kutembea."

"Kijana wetu ana utani," mwenyekiti alisema.

"Sina."

Nilisimama kabla miguu haijapata nafasi ya kufikiri. Nilisema kwamba mchambuzi aliyeandika tathmini ile alimficha kocha video kwa mechi nane, na kwamba mchambuzi huyo ni mimi. Nilipanga kusema mengi zaidi, tena kwa ufasaha, lakini nilimwona kocha amekaa karibu na mlango, mikono mapajani, ananitazama kama mtu aliyegundua paa la nyumba yake linavuja. Nikakaa.

Mwanachama mmoja wa siku nyingi, mama fundi cherehani anayeshona bendera za mashabiki, akaomba nafasi. Aliuliza kwa upole kama kuna yeyote pale mezani aliyewahi kumwona mchezaji uwanjani kabla ya kumsajili. Shemeji alisema alimwona Kontena.

"Wapi?"

"Kwenye simu."

Yaliyofuata yalichukua saa nzima na kelele nyingi, ila mwisho wake ulikuwa mfupi. Wanachama waliamua kwamba hakuna mchezaji atakayesajiliwa tena, wa bure au wa kununuliwa, kocha asipomwona na daktari wa nje asipompima. Mwenyekiti akasimama, akawashukuru kwa kuunga mkono wazo lake.

Kazi sikufukuzwa. Kaka na klabu walivunja mkataba kwa mazungumzo ya nusu saa. Mama alikaa wiki tatu akinijibu kwa maneno mawili mawili. Jumatatu ya kwanza baada ya mkutano kocha alikuja stoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akageuza ndoo ya maji chini juu, akaikalia mbele ya skrini.

"Kuanzia leo nitatazamia hapa hapa," alisema. "Mechi nzima."

"Ni dakika tisini, kocha."

"Najua ni ngapi."

Kwa wiki sita hakunisemesha zaidi ya "rudisha nyuma" na "songesha mbele". Sikulalamika. Wiki ya saba alileta chai vikombe viwili, akaweka kimoja karibu na mkono wangu, akaikalia ndoo yake. Msimu ulipoisha tulikuwa wa nne kutoka mkiani, na mwenyekiti akaita hayo mafanikio ya kihistoria. Kwa historia yetu, hakuwa mbali sana na ukweli.

Kaka alifanyiwa upasuaji mwezi mmoja baada ya ule mkutano. Mama na mimi tulikaa kwenye benchi la korido kuanzia asubuhi, mkoba wake katikati yetu kama mwamuzi. Saa ya tatu ilipopita alisema, bila kunigeukia, "Ulipoiona tu nyonga, ungeniambia mimi kwanza."

"Ungenikataza kuandika."

"Ningekukataza," alisema. Akauhamishia mkoba upande wa pili.

Daktari alitoka kabla ya adhuhuri, akasema imekwenda salama, kaka atatembelea magongo wiki sita na atahitaji mtu wa kumwinua. Mama alimshukuru, akatoa kalenda ndogo mkobani, akalamba kidole, akaanza kutugawia siku: Jumatatu na Alhamisi zangu, zilizobaki zake, na Jumamosi yenye mechi tutaangalia itakavyokuwa.