Programu ya Bure Dukani kwa Umakant

Mzee Umakant, muuza vitenge wa Kariakoo, aliiangalia kompyuta ya binti yake kwa jicho baya.

"Programu ya wataalamu wa kutengeneza michezo ya kompyuta, wakupe bure? Basi mbovu hiyo!"

"Nzima, Baba," Vidhi akacheka. "Sharti lao moja tu: mchezo nitakaotengeneza nisiuuze. Niwe najifurahisha."

Umakant akasonya. Tangu enzi za foleni za sukari na sabuni hadi hizi za soko huria, hajapata kuona mtu akikatazwa kuuza.

Lakini Vidhi alipoumaliza mchezo wake na kumpa aujaribu, ukamnasa: duka la vitenge, na mwanamke mbishi kwenye kioo cha kompyuta anayeshusha bei. Umakant akakazania bei yake. Mwanamke akageuka, akaondoka. Hapo kila muuzaji wa Kariakoo anajua la kufanya: unamwacha apige hatua kidogo, halafu unamwita. Umakant akatafuta kitufe cha kuitia, hakukiona, akapaza sauti:

"Rudi, mama! Chukua kwa bei yako!"

Bi Sitara, mteja aliyeshindwana naye bei muda si mrefu, alikuwa bado kibarazani. Akarudi mbiombio, akaweka hela mezani.

"Umesema mwenyewe, mzee!"

Vidhi alicheka hadi akashika mbavu. Umakant akamfungia Bi Sitara kitenge chake, huku akimkodolea macho bintiye.

"Bure, eti! Mbona nimelipia mimi?"